Mjomba, shamba la Pangani usiliuze

Mjomba, shikamoo. Na nyinyi wadogo zangu mliosikiliza ile sauti inayozungushwa kwenye simu, hamjambo. Nimeisikiliza mara mbili. Eti Indonesia kuna kisiwa kinaitwa Rote, kiwanja cha ufukweni bei ya bodaboda, Wazungu wanakigombania, na "kijana wetu yupo huko huko, atasimamia." Kijana ndiye mimi, na sikuulizwa. Na wewe Mjomba eti unauza shamba la minazi la Pangani ili tukanunue huko. Picha za bahari nilituma mimi, hilo ni kosa langu na nalibeba. Ila kwenye picha hati haionekani.

Uzuri wa Nemberala, kijiji cha ufukweni hapa Rote, mmeshauona, miti ile ya mivumo mmeishangaa, joto mnalijua. Nataka tuongee karatasi tu, maana huko ndiko fedha za watu zinakozama.

Sheria ya ardhi ya Indonesia ni ya mwaka 1960. Kifungu cha 21 kinasema milki kamili, yaani Hak Milik, ni ya raia. Mgeni akiipata kwa urithi au kwa njia ya ndoa, ana mwaka mmoja wa kuiachia. Kifungu cha 26 hakina huruma kabisa: mauzo yanayompa mgeni ardhi ya namna hiyo, kwa mlango wa mbele au wa uani, ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na fedha iliyolipwa haidaiwi tena. Rudieni hapo pa mwisho. Haidaiwi. Wala msiwaone wabaya. Kwetu Tanzania Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo haimpi mgeni ardhi ila kwa uwekezaji, na Kenya Katiba ya 2010 inamkomesha kwenye upangaji wa miaka 99. Sasa kwa nini mlidhani Warote watagawa yao kama pilau ya maulidi?

Dalali anauzaje basi? Anauza jina. Hutafutwa raia, mara nyingi dereva, mpishi au mchumba, kiwanja kikanunuliwa kwa jina lake, kisha mgeni hupewa karatasi nne za kumtuliza moyo: mkataba kwamba raia yule amekopa kwake fedha za kununulia, rehani juu ya kiwanja, hati ya uwakili ya kuuza, na mkataba wa kupanga. Zote zina mihuri na zinapendeza. Zikifika mahakamani zinasomwa pamoja, na zikisomwa pamoja zinaonyesha jambo moja, kuikwepa sheria ya 1960.

Kitazameni cheti chenyewe. Ni kijitabu chenye jalada la kijani na ndege Garuda wa nembo ya taifa lao. Ndani kuna jina la mwenye ardhi, mchoro wa kiwanja, na ukurasa wa kuandikia mabadiliko: kauza, karithisha, kaweka rehani. Siku hizi wameanza kutoa cha kielektroniki. Cha zamani au kipya, jina lenu halimo, na halitakuwamo hata mkijenga ghorofa. Huyo raia akifa, kiwanja kinaingia kwenye mirathi, na watoto wake hawakuwahi kukusainia kitu. Akiachana na mkewe, inahesabiwa mali ya ndoa. Akikwama, anajua pa kukipeleka kile cheti akope. Na hata akiwa mwaminifu kama nini, bei ikipanda mara tano ndugu zake watamwita mjinga kila siku ya sikukuu mpaka achoke. Nguo ya kuazima, Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha habari zake.

Na wewe mdogo wangu unayecheka kwamba utaoa huku: raia akioana na mgeni bila mkataba wa kutenganisha mali, hata yeye anapoteza nafasi ya kushika Hak Milik, kwa sababu mali ya ndoa ina fungu lako. Zamani mkataba huo ulipaswa kufungwa kabla ya ndoa; Mahakama ya Katiba baadaye ikaruhusu ufungwe hata mkiwa tayari mmeoana. Sawa. Ukishausaini, ardhi ni yake peke yake. Wewe umepata mke.

Njia halali zipo, na nitawaambia ingawa sitaki mzitumie. Ya kwanza ni kupanga ardhi, kwa kawaida miaka 25. Mkataba uandikwe mbele ya mthibitishaji, na uwe kwa Kiindonesia, kwa sababu sheria ya mwaka 2009 inataka hivyo. Kuna mikataba ya Kiingereza peke yake iliyokwisha kubatilishwa mahakamani. Unaweza kuwa na safu mbili za lugha, mradi ya Kiindonesia iwemo. Bei iandikwe kwa rupia, si kwa dola. Mke au mume wa mwenye ardhi asaini. Iandikwe kwamba mkataba unawafunga warithi na yeyote atakayenunua. Kodi ya mapato ya pango ni asilimia 10, nayo ni ya mwenye ardhi, lakini msipoandika nani anailipa mtaona inavyowahamia. Na bei ya kuongeza muda ipangiwe hesabu yake leo. "Tutaelewana wakati ukifika" haifai, maana wakati ukifika ninyi mna nyumba juu ya ardhi ya mtu, na yeye analijua hilo kuliko ninyi.

Ya pili ni kampuni ya kigeni, inayoweza kupata haki ya kujenga ya miaka 30, kuongezwa 20, kisha kuhuishwa 30. Sharti lake ni mpango wa uwekezaji unaozidi rupia bilioni 10 kwa kila aina ya biashara. Hizo ni kama dola laki sita. Nyumba ndogo ya wageni ya vyumba vinne mliyoiota, ile ya Shangazi kupika na binamu kupokea mizigo, imewekwa kwa ajili ya wenyeji. Mimi naona ni haki yao.

Halafu huo "ufukweni" wenyewe. Kanuni inatenga walau mita 100 kutoka alama ya juu kabisa ya maji kujaa kuelekea nchi kavu. Mtaona nyumba zimejengwa ndani ya mita hizo, nyingi tu, na dalali atawaonyesha kwa kidole. Kuwepo kwao hakuwapi ninyi kibali. Shikeni futi, pimeni mita 100 kutoka alama ya bamvua, halafu muulize bei ya kinachobaki.

Ardhi ambayo haijapata cheti ni habari nyingine. Hapa watu wana koo zao, zinaitwa leo, na kila ukoo una mkubwa wake, maneleo. Anayekuonyesha kiwanja anaweza kuwa mmoja wa ndugu saba, watatu wako Kupang, mji wa kisiwa jirani cha Timor, mmoja Malaysia. Bila saini za wote hujanunua wala hujapanga, umelipa kiingilio. Majirani wa pande zote nne waje siku ya kupima, bikoni zichimbiwe wakiwa wamesimama hapo. Na uliza mivumo iliyomo ni ya nani na nani anaigema. Pwani yetu nani asiyejua kesi ya minazi ya huyu kwenye kiwanja cha yule?

Mtauliza mtakaaje huku mkisubiri hayo yote. Viza ya kufika ni siku 30, inaongezwa mara moja siku 30 nyingine, na kuongeza kunataka uende mwenyewe ofisini ukapigwe picha. Haikuruhusu kazi yoyote. Ukipitiliza, faini ni rupia milioni moja kwa kila siku, na ukizidisha siku 60 unarudishwa kwenu na jina linabaki kwenye orodha. Sasa oanisheni hilo na bahari: kutoka Rote hadi Kupang kuna boti ya kasi ya kama saa mbili, au feri ya polepole kutoka bandari ya Pantai Baru, na zote zinapita njia ya maji yenye mkondo mkali. Feri ilishazama hapo mwaka 2006. Januari na Februari pepo za magharibi zikivuma, vyombo vinazuiwa, siku hata wiki. Kwa hiyo viza isiishie Januari kamwe. Hili liandikeni ukutani, hata kama mnakuja kutembea tu. Na njooni mtembee, kwa kweli njooni! Mei ni nzuri. Kwa kutembea.

Maji kidogo, kisha niwaache. Kuanzia Mei mpaka Novemba mvua ni ya kubahatisha, na visima vya karibu na bahari vinaingia chumvi. Watu wanne kwa lita 60 kwa siku, siku 210, ni lita zaidi ya 50,000. Hizo ni simtanki 50 za lita elfu moja, au tanki la zege la mita 5 kwa 5, kina mita 2. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 700 linatoa lita 70,000 daftarini. Ondoa moja ya tano ya kumwagika. Inatosha, kama tanki limekamilika kabla ya mvua ya Desemba. Likichelewa wiki tatu mnanunua maji ya gari mwaka mzima. Na fundi asichote mchanga wa ufukweni: chumvi inakula nondo, nondo ikivimba zege linapasuka, na tanki ndilo linaloanza. Umeme ni wa tokeni kama LUKU, huo haunisumbui.

Kuna aliyependekeza tulime mwani basi, maana Warote wanalima na Shangazi wa Paje anaujua. Ni bahari ile ile, kamba zile zile, siku kama 45 mpaka kuvuna, na ugonjwa ule ule wa kuota weupe maji yakipata joto. Lakini sikilizeni hili. Agosti 2009 kisima cha mafuta cha Montara, upande wa Australia, kilipasuka, na wakulima wa Rote na Kupang wakaona mwani wao unakufa. Walishtaki huko huko Australia. Maafikiano yalipatikana Novemba 2022, dola za Australia milioni 192.5. Hao ni wenyeji, maelfu kwa pamoja, wenye mawakili, na ilichukua miaka 13. Wewe ukiwa na karatasi nne za dereva utasimama foleni gani?

Shangazi abaki Paje na mwani wake. Mjomba, yule mnunuzi wa minazi mrudishie arbuni yake wiki hii, kabla hajaanza kukata. Na huyo mwenye sauti mwombeni kitu kimoja tu, picha ya ukurasa wa jina na namba ya cheti. Akituma, nitumieni. Ada ya kukagua cheti ofisi ya ardhi ni rupia elfu hamsini, nitalipa mimi.