Treni ya Meksiko: panga njia yako kabla ya kugusa meza

Nimekulia Unguja, na dhumna niliijulia barazani: kete 28, watu wanne, wawili kwa wawili, kila mtu na kete zake saba. Fundi wa baraza ni yule anayejua mwenziwe ana nini mkononi, akamfungulia njia. Nilipokuja Marekani kufanya kazi ya kuangalia wazee, jioni moja ya baridi kali walinivutia kiti nicheze nao Treni ya Meksiko. Kete ni zilezile za kuunganisha namba kwa namba, nikakaa kwa kujiamini. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba ufundi wa barazani hautoshi pale.

Seti yake ina kete 91, kuanzia tupu-tupu mpaka 12-12. Kete zinalazwa kifudifudi na kuchanganywa, kila mtu anaokota zake. Mezani kwetu watu wawili hadi wanne huokota 15, watano au sita huokota 12, wakifika saba au wanane huokota 10. Zilizobaki ni ghala. Mzunguko wa kwanza dabo (kete yenye namba moja pande zote mbili) ya 12-12 inawekwa katikati, ndiyo kichwa cha treni. Mzunguko wa pili ni 11-11, hivyo hivyo mpaka tupu-tupu, jumla mizunguko 13. Kutoka kwenye kile kichwa kila mchezaji anavuta treni yake mwenyewe, yaani mstari wa kete zilizounganishwa, kete moja kila zamu. Iko na treni moja ya umma, ndiyo hiyo ya Meksiko yenyewe: nayo inaanza na namba ya kichwa, na yeyote anaweza kuiongeza zamu yake ikifika.

Huna cha kuweka? Unaokota moja ghalani. Ikikubali, unaiweka hapo hapo. Isipokubali, unaweka senti juu ya treni yako, na kuanzia hapo treni hiyo ni njia ya kila mtu mpaka wewe mwenyewe uweke kete juu yake. Mtu akimaliza kete zote, wengine wanahesabu vitone vilivyobaki mikononi. Mwenye jumla ndogo baada ya mizunguko yote ndiye mshindi.

Dabo ndiyo inayoleta ubishi, basi kubalianeni mapema. Sisi ukiweka dabo unaifunika, yaani unaiunganishia kete nyingine yenye namba hiyo, zamu hiyo hiyo ukiwa na kete ya kufunikia. Ukikosa, unaokota, ukikosa tena, unaweka senti yako, na anayefuata analazimika kuifunika kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Iko meza nyingine utakuta sheria tofauti kidogo.

Sasa nikuonyeshe mkono ambao sijausahau. Mzunguko wa kichwa cha 12-12, tulikuwa wanne, nikaokota hizi: 12-10, 10-8, 8-2, 2-0, 0-6, 6-1, 1-4, 4-9, 9-9, 9-3, 3-7, 7-12, kisha 11-11, 11-5 na 5-5. Bila shaka hazikuja kwa mpangilio huo. Bibi mmoja aliyekaa kuliani kwangu ndiye aliyenizoesha kutoweka kete yoyote kabla ya kuzipanga zote kwenye kibao, nikitafuta mnyororo mrefu kuliko yote. Kete 12 kati ya 15 zikakamatana. Na angalia tena: mnyororo huo unasomeka kutoka pande zote mbili, maana una 12 mwanzo na 12 mwisho. Kwa hiyo kete moja ya mwisho ilikuwa huru kufungulia treni ya Meksiko bila kuukata mnyororo wangu.

Nikafurahi, nikawa naweka moja baada ya nyingine kwenye treni yangu. Hapo ndipo nilipokosea. Treni ya jirani ilikaa na senti juu, ikiishia 11. Zamu yangu ikafika, nikaipita, kwa sababu yangu ilikuwa inakwenda vizuri. Ningeweka 11-11 pale na kuifunika kwa 11-5 zamu hiyo hiyo, nikaondokana na vitone 38 kwa pigo moja. Zamu iliyofuata mwenyewe akaiongeza treni yake na kuondoa senti. Nafasi ile haikurudi tena. Mtu akamaliza nikiwa na zile tatu mkononi: 22, 16 na 10. Vitone 48, na mnyororo wote ulikuwa umekwisha mezani.

Ushauri wangu mkubwa ni huo. Treni yako ikiwa imefungwa kwa wengine ni akiba. Hakuna anayeweza kuigusa. Njia za wengine zinafunguka na kufungwa. Kwa hiyo kila zamu, kabla ya kutazama mnyororo wako, zitazame senti zote mezani, tazama treni ya Meksiko inaishia namba gani, uone kama kuna mahali pa kutupia zile kete zako zisizo na ndugu. Anza na nzito. Hili halimaanishi uishikilie akiba mpaka mwisho: ukiona mwenzako amebakiwa na mbili tatu, punguza mzigo popote unapoweza.

Na usiogope senti. Wageni wengi huona kama aibu kuweka senti juu ya treni yao. Mimi naona hasara yenyewe ni kuvunja mnyororo mzuri kwa kete ya kubahatisha ili tu treni isifunguliwe. Ila ikishafunguliwa, irudie haraka, maana wengine wataigeuza iishie namba ambayo huna.

Kwa wanaocheza na wazee, tafuta seti ambayo kila namba ina rangi yake, au iliyoandikwa tarakimu badala ya vitone. Kuhesabu vitone 11 na kuvitofautisha na 12 ni kazi kwa jicho la miaka themanini, nimeliona hilo jioni nyingi. Mizunguko 13 nayo huchukua saa nyingi. Sisi hucheza saba, ile ya namba shufwa tu.

Mwaka jana nilikwenda na mchezo huu Unguja. Kaka zangu wa barazani walitaka kuchapa kete kama kawaida yetu, treni zote zikasambaratika. Tukatandika kitambaa kizito, nikaomba mzunguko wa kwanza kila mtu azilaze kete zake wazi, wote waone, tukapangiana minyororo kwa sauti. Kufika mzunguko wa tatu hakuna aliyetaka kuinuka.