Tuta la bloku za povu likikutwa na tetemeko

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi sanifu wa barabara hapa Kyela. Kuna tuta la mita 5 la kupandia daraja, na chini yake ni udongo laini wa mafuriko. Mhandisi mshauri anapendekeza bloku za povu, lile jeupe linalokuja kwenye boksi za TV, badala ya moramu. Huku kwetu matetemeko si mageni. Tuta jepesi hivyo halitasambaratika?

Jibu: Marahaba. Wepesi wake ndio unaokuokoa. Ardhi inapohama ghafla, kilicho juu yake hupata nguvu ya kusukumwa kulingana na uzito wake. Chukua mita moja ya mraba: moramu ya kimo cha mita 5 ni tani 9 hivi. Povu la kilo 20 kwa mita ya ujazo, kimo kilekile, ni kilo 100 tu.

Shida iko juu ya povu. Bamba la zege la sentimita 15 ni kilo 360, na sentimita 60 za kokoto na lami ni kama kilo 1,260. Hizo ni tani 1.6 zilizokaa juu ya kitu laini, kama mtu aliyesimama kwenye mtumbwi na ndoo ya maji kichwani. Tuta linayumba, bloku za pembeni chini zinabanwa, na tabaka moja linaweza kuteleza juu ya jingine. Msuguano wa povu kwa povu ni kama 0.6 ya uzito unaolikandamiza. Mtikisiko wa 0.2 ya nguvu ya uvutano, ukikuzwa mara mbili unapopanda, unakuwa 0.4, na hapo bado uko salama. Ukikuzwa mara tatu, akiba imekwisha. Na usikadirie kwa vitetemeko ulivyozoea: Desemba 1910 Rukwa ilipata tetemeko la ukubwa wa karibu 7.4.

Kwa hiyo fungua michoro, uangalie maungio. Vile vibati vya chuma vyenye meno, vinavyowekwa kati ya bloku na bloku, husaidia bloku zisihame wakati wa kupanga. Kwenye hesabu ya tetemeko mimi sivitegemei. Dai bloku za kufungia, zinazochomekwa kwenye mifereji ili zikate mstari wa kuteleza kati ya tabaka na tabaka. Wajapani, wanaotumia povu tangu 1985, humwaga pia bamba jembamba la zege kila baada ya kimo cha mita 3 hivi.

Kuhusu mchanga wa chini unaogeuka uji ukitikiswa, povu haliutibu. Huo uchunguzwe peke yake.

Ila kwa Kyela mimi ningeogopa maji kwanza. Tani 1.7 kwa mita ya mraba (zile 1.6 pamoja na povu lenyewe) maana yake ni kwamba maji yakifunika mita 1.7 za povu, tuta zima linataka kuelea, tetemeko liwepo lisiwepo. Muulize mshauri amechukua kiwango gani cha mafuriko. Kama povu linaanzia chini ya kiwango hicho, weka moramu hadi juu yake kwanza, mradi msingi uibebe. Petroli nayo huyeyusha povu, kwa hiyo lifunikwe hadi ubavuni.

Akikosa jibu la maji, mwambie apime mawe mepesi ya volkano ya Rungwe. Uzito wake ni mara nyingi ya ule wa povu, lakini ni mepesi kuliko moramu, na lori likimwaga petroli hayayeyuki.