Matunda kwa mtoto wa miezi 8

Dada yangu, umeuliza umpe mwanao wa miezi 8 matunda gani badala ya biskuti. Anza na yale laini ambayo hapa sokoni Kongowea, Mombasa, hayakosekani, yaani parachichi, ndizi mbivu na papai lililoiva vyema, uyaponde kwa uma bila kuongeza sukari wala asali, kwani asali huweza kubeba vijidudu vinavyosababisha ugonjwa wa botulizimu, na haifai kabisa kwa mtoto asiyetimiza mwaka 1. Msimu wa maembe ukifika, mimi huchagua embe la aina ya ngowe kwa kuwa halina nyuzi nyingi.

Akishaweza kushika chakula mwenyewe, mkatie vipande virefu vya unene wa kidole chako. Tufaha ulipike kwa mvuke hadi libonyee, na kila zabibu uikate kwa urefu vipande 4, maana ikiwa nzima huweza kumkaba. Usimwache peke yake anapokula. Juisi mnyime kwa sasa. Na mabuyu ya rangi, ambayo huku kwetu hata watoto wachanga hupewa wamumunye, nakusihi umwepushe nayo, kwa kuwa yamejaa sukari na mbegu zake ni ngumu.