Faili lipo, make inasema halipo: mfuate mkalimani hadi mwisho wa simlinki

Kosa lenyewe huja hivi. Umeandika make, zana ya kujenga mradi kwa maagizo yaliyo kwenye faili la Makefile, mistari inapita vizuri, mara unakutana na hii:

make: .venv/bin/pytest: No such file or directory
make: *** [Makefile:14: test] Error 127

Unapiga ls, faili unaliona. Ruhusa ya kuendeshwa linayo. Wengi wakifika hapa huanza kusakinisha upya pytest, zana ya kupima programu za Python, na kwa mtu anayenunua bando la siku hiyo ni hasara ya bure, maana pytest haijapotea popote. Nimekaa na wenzangu mbele ya kosa hili kwenye miradi ya kila aina, na karibu kila mara kilichokosekana ni kitu kingine kabisa, ambacho ujumbe wenyewe haukitaji.

Fungua faili hilo uone. Ni skripti ya mistari michache tu, na wa kwanza unasomeka hivi:

#!/home/kazi/mradi/.venv/bin/python

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, ikiombwa kuendesha faili linaloanza na #!, inasoma njia inayofuata na kwenda kumtafuta mkalimani, yaani programu itakayosoma skripti na kuitekeleza. Asipopatikana, kerneli inarudisha kosa la ENOENT, yaani "No such file or directory", lile lile ambalo ingerudisha kama skripti yenyewe isingekuwepo. Make inapokea jibu hilo bila maelezo zaidi, hivyo inataja jina pekee inalolijua: la skripti. Ndiyo maana hatua yangu ya kwanza ni kuiacha zana ya kujenga kando na kuendesha amri ile ile kwa mkono ndani ya bash, programu inayopokea amri kwenye terminali. Bash hujisumbua kuchunguza zaidi. Itakuandikia "bad interpreter" na kumtaja mkalimani anayetafutwa, au kwenye matoleo mapya "cannot execute: required file not found". Hapo angalau unajua unamtafuta nani.

Sasa, mkalimani huyo mara nyingi ni simlinki, yaani faili linaloelekeza tu kwenye faili jingine. Ukitengeneza venv, yaani mazingira ya Python ya mradi mmoja, kwa python3 -m venv kwenye Linux au Mac, ile .venv/bin/python haina programu yoyote ndani yake. Ina anwani tu: nenda /usr/bin/python3, na huko nako unaweza kuelekezwa python3.11. Ni kama kuulizia nyumba mtaani, kila unayemuuliza anakuelekeza kwa mwingine. Mmoja akiwa amehama, safari imeishia hapo.

Watu huikagua simlinki kwa ls -l, nayo inaonyesha mshale na anwani hata kama huko mwisho hakuna kitu. Wengine hutumia readlink -f, na hapa ninaomba uangalifu. Kwenye Linux, kama kilichokosekana ni kipande cha mwisho tu cha njia, readlink -f itakuchapia anwani nzima bila kulalamika, na utaondoka ukiamini mambo ni shwari. Tumia readlink -e, ambayo hukataa kujibu mpaka kila kipande kiwepo. Au bora zaidi:

namei -l .venv/bin/python

Amri hii inatembea njia yote hatua kwa hatua, folda kwa folda, simlinki kwa simlinki, na kukuonyesha mmiliki na ruhusa za kila moja. Ningependa kila anayefanya kazi kwenye Linux aijue.

Lakini iendeshe pale pale zana inapofanyia kazi. Ukiiendesha kwenye terminali yako wakati make inakimbia ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa yenye mafaili yake yenyewe, majibu hayatakusaidia lolote. Hiki ndicho chanzo ninachokiona mara nyingi kuliko vyote: mtu ametengeneza .venv kwenye Mac yake, simlinki inaelekea /opt/homebrew, folda ya Homebrew, zana ya kusakinisha programu kwenye Mac, kisha folda nzima ya mradi inaingizwa kwenye kontena la Docker chini ya /app. Ndani ya kontena hakuna /opt/homebrew. Tena hata ile njia iliyo kwenye mstari wa kwanza wa skripti haipo, maana inaanzia kwenye folda ya nyumbani ya mwenye kompyuta. Mazingira ya venv hayahamishiki, na nyaraka za Python zenyewe zinasema hivyo. Yatengeneze ndani ya kontena, na uandike .venv kwenye faili la .dockerignore, orodha ya vitu ambavyo Docker haitavinakili. Ukiingiza mradi kwa volyumu, yaani folda ya kompyuta yako kuunganishwa moja kwa moja na kontena, badala ya kuinakili kwa COPY, .dockerignore haitakusaidia, hapo .venv ya kontena iwekwe nje ya folda ya mradi.

Kuna sura nyingine inayochosha zaidi, kwa sababu anayekagua anaona kila kitu kipo. Kontena linajengwa kama root, mtumiaji mkuu wa mfumo, kisha uv, zana ya kusimamia Python na vifurushi vyake, inapakua Python na kuiweka chini ya /root/.local/share/uv/python, na .venv inaelekezwa huko. Kisha Dockerfile, faili la maagizo ya kujenga kontena, inabadilisha mtumiaji, na programu inaanza kuendeshwa na mtu asiye root. Ukiingia kama root, unaona simlinki nzima. Ingia kama mtumiaji yule yule, piga namei -l, na utakutana na hii:

drwx------ root root root

Folda ya /root imefungwa. Mkalimani yupo ila mtumiaji huyo haruhusiwi kumfikia, na kosa hapa ni "Permission denied", kwa kawaida pamoja na namba 126 badala ya 127. Zikariri namba hizo mbili: 127 ni hakupatikana, 126 ni amepatikana ila hakuendesheka. Dawa ya hali hii ni kuweka UV_PYTHON_INSTALL_DIR kwenye folda inayosomeka na wote, kama /opt/python, kabla uv haijapakua chochote.

Masasisho nayo yana lake. Homebrew ikipandisha Python na kusafisha toleo la zamani, venv zilizoelekea toleo lile zinabaki zikining'inia. CMake, zana nyingine ya kujenga, nayo huiandika njia ya mkalimani kwenye CMakeCache.txt na kuendelea kuitumia hata baada ya wewe kurekebisha kila kitu. Kuanzia toleo la 3.24 unaweza kuendesha cmake --fresh, la sivyo futa faili hilo.

Halafu kuna lililo kinyume: simlinki ni nzima, ila zana inaifuata mpaka mwisho na kumwita /usr/bin/python3.11 moja kwa moja. Python hujua iko ndani ya venv kwa kuangalia pale ilipoitiwa na kulikuta faili la pyvenv.cfg karibu yake. Ikiitwa kwa anwani ya mwisho hailioni, na vifurushi vyako vyote vinakuwa kama havijawahi kusakinishwa. Ukiona ModuleNotFoundError kwa kifurushi unachojua kipo, ifanye zana ichapishe sys.executable na sys.prefix. Ikionekana /usr kwenye sys.prefix, umelipata tatizo.

Yaliyobaki nitayapitia haraka. Skripti iliyohaririwa kwenye Windows inaweza kuwa na herufi ya \r mwishoni mwa mstari wa kwanza, na kerneli inamtafuta mkalimani mwenye jina la ajabu. Amri ya cat -A itaionyesha kama ^M. Git kwenye Windows, core.symlinks ikiwa false, huiweka simlinki kama faili la maandishi lenye anwani tu ndani. "Too many levels of symbolic links" mara nyingi ni simlinki inayojielekea yenyewe, kwani Linux hukata tamaa baada ya kufuata simlinki 40. Na kerneli za kabla ya 5.1 ya mwaka 2019 zilikata mstari wa #! kimya kimya ukizidi herufi 127, jambo linalozigonga seva za kujengea zenye majina marefu ya folda.

Ninachowasihi wenzangu wasifanye ni kukimbilia sudo ln -sf, yaani kubadilisha simlinki kwa lazima, kwenye /usr/bin. Kwenye Debian na Ubuntu, /usr/bin/python3 ni mali ya mfumo. Ielekeze toleo jingine, na kesho add-apt-repository itakujibu "No module named 'apt_pkg'", na utakuwa umeongeza tatizo la pili juu ya lile la kwanza. Kama shida yako ni kwamba amri ya python haipo kabisa, jambo la kawaida tangu Ubuntu 20.04, kuna kifurushi rasmi kiitwacho python-is-python3.

Kwenye Makefile za timu ninayofanya nayo kazi sasa hatuandiki tena .venv/bin/pytest. Tunaandika .venv/bin/python -m pytest. Hapo ule mstari wa #! wa skripti hautumiki kabisa, na simlinki ikikatika, make inalazimika kutaja .venv/bin/python yenyewe, faili ambalo kweli lina tatizo.