Mshale wa mizunguko umegoma? Usianze kwa kufungua geji

Wewe uliyeingia juzi kwenye kazi ya magari ya zamani, utaletewa takometa, yaani geji inayoonyesha mizunguko ya injini kwa dakika, ambayo mshale wake umelala kwenye sifuri, au unarukaruka kama umepagawa, na vidole vitakuwasha uifungue. Vizuie. Geji nyingi nilizoletewa kwa jina la mbovu zilikuwa nzima. Ubovu ulikuwa njiani, kabla ya kuifikia geji.

Kwanza fungua waya wa betri, vuta geji kutoka kwenye dashibodi, uone ni ya aina gani. Ikiwa inaendeshwa na kebo inayozunguka kutoka kwenye kamshafti (shafti inayofungua valvu), distribyuta (kifaa kinachogawa cheche kwa plagi) au nyuma ya dainamo, suala la umeme liweke kando. Mshale unaotetemeka kwenye aina hii mara nyingi unalalamikia kebo iliyokauka au iliyokunjwa mno. Paka grisi kidogo, lakini sentimita chache za upande wa geji ziache kavu, kwa sababu grisi hupanda hadi ndani na kuiua.

Za umeme ndizo zinazowachanganya wengi. Kwenye geji za Smiths, zilizojaa katika magari ya Uingereza, soma herufi ndogo kwenye sehemu ya chini ya uso wake. RVI ina maana kwamba waya unaolisha koili (kifaa kinachopandisha volti ili cheche iruke) unapita kwanza kwenye kitanzi nyuma ya geji, na geji inahesabu mapigo ya mkondo huo. RVC hupokea waya mmoja tu kutoka upande wa koili unaokwenda kwenye pointi (swichi ndogo ndani ya distribyuta inayokata na kuunga umeme wa koili), na inahesabu mapigo ya volti. Tofauti hii ina uzito. Kitanzi cha RVI kikikatika, injini haiwaki kabisa. Waya wa RVC ukikatika, injini inaendelea kuunguruma huku mshale umekufa. Waya huo ukigusa bodi, injini inazima.

Baada ya hapo kagua ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi, kabla ya chochote kingine. Geji nyingi hupata ethi kupitia nati ya bano inayoishikilia, na nyuma ya dashibodi kuna rangi na kutu. Rudisha betri, unganisha waya wa muda kutoka kwenye ganda la geji hadi chuma kitupu cha bodi, uwashe injini. Mshale ukiamka, umemaliza kazi. Usipoamka, pima kama volti 12 zinafika kwenye waya wa kuilisha geji. Swichi ikiwa imewashwa na injini imezima, usikae sana: pointi zikiwa zimefunga, koili inachemka.

Uliza pia gari limebadilishwa nini. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yalikuwa na upande wa chanya wa betri umeunganishwa kwenye bodi. Mtu akiyageuza yawe hasi ili afunge alteneta, RVI inahitaji marekebisho ya ndani, na kitanzi chake kipitishwe kinyume. Mfumo wa kuwasha wa kielektroniki uliowekwa badala ya pointi nao huivuruga RVI mara kwa mara. Hapo geji haina kosa.

Mshale unaoruka wakati injini nayo inakohoa unakupa habari za pointi chafu, shafti ya distribyuta iliyolegea au waya usioshika. Na injini ikizima ghafla gari likiwa mwendoni na gia imeingia, mtazame mshale wa geji ya umeme. Ukianguka sifuri papo hapo wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, umeme unaolisha koili umekatika. Ukishuka taratibu pamoja na injini, tafuta mafuta, au upande wa cheche unaokwenda kwenye plagi. Kipimo hiki ni cha bure, na mafundi wengi wanakisahau.

Geji inayosoma kwa utulivu lakini kwa uongo, hesabu silinda. Injini ya silinda 4 hutoa cheche 2 kila mzunguko, ya silinda 6 hutoa 3. Ukikuta geji ya silinda 6 kwenye gari la silinda 4, mizunguko 3000 itaonekana kama 2000, na kuna wanaoendesha hivyo miaka mingi bila kushtuka. Idadi ikiwa sahihi, linganisha na takometa nyingine unayoiamini, kwenye mwendo wa chini na wa juu. Baadhi ya geji zina skrubu ndogo ya kurekebisha nyuma, chini ya kizibo. Izungushe kidogo kidogo, na uweke alama ya mahali ilipokuwa kabla hujaigusa.