Mnaoanza kazi kituoni, angalieni mwezi kabla hamjamwita mtoto mtoro

Naona watu wa fildi wameshaanza kuingia na wale wanaojitolea baada ya kumaliza chuo, karibuni sana Tanga, joto mtalizoea. Mimi huu mwaka wa saba niko kwenye kituo cha watoto huku mtaani, sio bosi wala mtaalam, ila makosa nimefanya mengi kwahiyo haya ninayowaambia nimeyalipia.

Siku ya kwanza mtaonyeshwa stoo. Madaftari, sare, viatu, taulo za kike, na mtatamani kuanza kugawa siku hiyo hiyo. Kugawa ndio kazi rahisi kuliko zote. Ada ilifutwa 2016 mpaka form four, basi mtu anajua ukishampa mtoto sare na madaftari umemaliza. Wiki yangu ya kwanza nilimpa kijana mmoja wa Mabawa viatu vipya nikarudi nyumbani najiona mtu wa maana. Mwezi haujaisha soli imekwisha, nikamfokea mbele ya wenzake. Kumbe vile viatu vinavaliwa na watu wawili, yeye zamu ya asubuhi na mdogo wake zamu ya mchana, wanakutana njiani pale kwenye mwembe wanabadilishana, mdogo anasokomeza gazeti mbele ndio vinamkaa. Na mimi sikuwahi hata kuuliza nyumbani wako wangapi. Aibu ile sijaisahau.

Sasa kitu ambacho nataka mkishike hata kama mengine mtayasahau ni mahudhurio. Mtoto haachi shule siku moja. Anakosa Jumatatu, anakosa siku mbili, anarudi anakuta hesabu zimeshapita, anachapwa au anachekwa, wiki inayofuata anakosa tatu, mpaka mje kusikia kaacha shule ameshaacha zamani. Kwahiyo ukipewa shule yako nenda kila Ijumaa kaombe rejista kwa mwalimu wa darasa, na nenda kwa adabu, shikamoo kwanza, mwalimu ana watoto wengi kuliko wewe na hajalala, usimwendee kama mkaguzi. Nakili wale wa kwenu tu kwenye daftari, siku alizokosa na tarehe zake. Tarehe muhimu kuliko idadi, nitawaambia kwanini.

Nilikuwa na kijana mmoja Sahare, darasa la tano wakati huo, kila mtu anamwita mtoro. Siku 8 au 9 hayupo, alafu wiki mbili nzima yupo na anafanya vizuri tu, alafu anapotea tena. Nimekaa na zile tarehe miezi mitatu sielewi, nikajua labda ugonjwa, labda baba anasafiri. Aliyenifumbua macho ni mama anayetupikia uji pale kituoni, kaangalia daftari akacheka, akasema wewe mtu wa bara, hujui hapo ni giza?

Yani hivi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, na taa inawavuta dagaa usiku usio na mwezi. Mbalamwezi ikiwa kubwa mashua zinapumzika, giza likiingia wanatoka kila usiku, alfajiri wanarudi diko, yaani pale ufukweni samaki wanaposhushwa, limejaa. Hapo kinamama wanachemsha, wanaanika, na mtoto anayebeba ndoo anapata buku au kibakuli cha dagaa cha kupeleka nyumbani. Yule kijana alikuwa anaamka saa 9 usiku. Na hata kazi ikiisha saa 2 asubuhi haendi shule, sababu ananuka shombo na darasani wanahama dawati. Hilo hakumwambia mtu yeyote, aliniambia tumekaa juu ya ndoo zimegeuzwa, huku anakwangua magamba kwenye kucha.

Hapo ndio utaona elimu ya chuo inafika mwisho. Sheria ya Mtoto ya 2009 iko wazi, umri wa kuanza kazi ni miaka 14 na usiku saa 2 mpaka saa 12 asubuhi mtoto hafanyi kazi. Mimi ningeenda na sheria mkononi ningemkosa kijana na mama yake, wangehamia diko lingine. Tulichofanya tuliongea na mwenyekiti wa mtaa na wazee wa BMU, ile kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe, wao ndio wakasema kwa lugha yao kwamba mtoto haonekani dikoni kabla hakujakucha, na mama mmoja anayenunua dagaa pale akakubali kumpa mama mtu kazi ya kuanika ili kile kibakuli kisikatike. Kituoni tukaweka sabuni na shati la pili la shule. Mwalimu mkuu akakubali akichelewa asirudishwe getini. Sio suluhisho zuri, najua, kuna rafiki yangu wa ustawi wa jamii tulibishana sana kuhusu hili na bado tunabishana.

Kwenda nyumbani kwa watu. Usivae fulana ya kituo. Majirani wanaona, kesho mtoto anaitwa mtoto wa msaada. Piga hodi, ukikaribishwa kwenye mkeka kaa, chai ukipewa kunywa, na shule usiitaje dakika kumi za kwanza. Bibi wengi wanaolea wajukuu huku wako kwenye TASAF, ule mfuko wa serikali unaozipa ruzuku kaya maskini, na wanajua kuna sharti la mtoto kuhudhuria asilimia 80 ya siku za shule, kwahiyo akikuona na karatasi anajua umekuja kumkatia ruzuku, atakudanganya na ana haki. Mimi daftari naliacha kwenye kapu la baiskeli.

Picha ndio usiseme. Mwenzetu mmoja alimweka mtoto kwenye status akipokea madaftari, kwa nia njema kabisa, kaandika na maneno ya kumshukuru Mungu. Kesho yake shule nzima imeona. Yule binti alikaa nyumbani wiki mbili na tulimrudisha kwa mbinde.

Na mabinti waliojifungua, jamani msikubali mzazi au hata mwalimu aseme haiwezekani. Ruhusa ya kurudi shule ya kawaida ipo tangu Novemba 2021. Shida ni kwamba mtaani watu wengi bado wanaishi na katazo la zamani, kwahiyo usiende na maneno matupu, chukua nakala ya waraka wa serikali wa ruhusa hiyo, na kabla ya waraka uliza nani atabaki na mtoto mchanga asubuhi. Kama jibu hakuna, waraka hausaidii kitu.

Mkikuta mtoto ana alama za kupigwa au anasema jambo zito usiwe mpelelezi, msikilize, usimuahidi siri, alafu nenda kwa afisa ustawi wa kata na dawati la jinsia na watoto la polisi siku hiyo hiyo, au piga 116, namba ya msaada kwa watoto, ni bure.

Yule kijana wa Sahare yuko form two. Giza likiingia bado anakosa siku moja mbili na mwalimu wake ananitumia meseji, nami napanda baiskeli. Daftari la Sahare liko droo ya pili, ufunguo anao mama wa uji, na atakayepewa shule ile amuulize yeye giza linaanza lini mwezi huu.