Kabla hujaiamini namba ya gharika iliyopita

Modeli yangu ya kwanza ya mafuriko, yaani hesabu za kukadiria gharika iliyopita ilibeba maji kiasi gani, ililingana na alama ya maji ukutani kwa tofauti ya sentimita 2. Nikatembea kifua mbele. Sikuwa nimeuliza alama ile iko upande gani wa ukuta. Kumbe ilikuwa upande unaopokea mkondo, na maji yanayokimbia mita 4 kwa sekunde yakigonga ukuta yanaweza kuruka karibu sentimita 80 juu ya usawa wa mto wenyewe. Nilikuwa nimelinganisha hesabu zangu na rusho la maji!

Tangu hapo alama moja hainitoshi, hata iwe safi vipi. Natafuta kumi, zikiwemo mbovu: mstari wa tope ndani ya nyumba, ambako maji hutulia, mchanga laini uliojilaza nyuma ya miamba, takataka zilizonasa matawini. Hizi za matawini zitilie shaka. Mti huinamishwa na mkondo, halafu ukinyooka hupandisha takataka mahali ambapo maji hayakufika kamwe. Ukiwahoji waliokuwepo, usiishie kuuliza maji yalifika wapi. Uliza pia wapi hapakulowa. Kizingiti kilichobaki kikavu kinakupa kikomo cha juu, na kwangu mimi kimeshafaa kuliko alama tatu za tope.

Sakafu ya mto ndiyo iliyoniumiza zaidi. Tunaupima mto leo, ukiwa mpole, tukidhani ndio huohuo uliobeba gharika. Gharika huweza kuichimba sakafu maji yakiwa juu, kisha ikaifukia tena kwa mchanga yanapopungua, na vipimo vyako vya leo havitaona shimo hilo.

Halafu kuna namba ya Manning, ile inayoeleza jinsi mawe na vichaka vinavyoyazuia maji. Kina na mteremko vikibaki vilevile, kuitoa 0.03 na kuweka 0.05 kunapunguza mtiririko kwa asilimia 40. Aliyekaa mezani huchagua inayompendeza.

Siku hizi naendesha modeli mara mamia, kila mara nikibadili sakafu, mteremko na namba hiyo, kisha nabakiza majaribio yanayokaribia alama bila kulowesha palipobaki pakavu. Tuseme yananipa mita za ujazo 900 hadi 1,600 kwa sekunde. Mhandisi wa daraja hununa, anataka namba moja. Nampa zote mbili, na kwenye mchoro wake namchorea maji yangefika wapi kwa kila moja.